Uhusiano Wako na Jimbo Letu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujitoa kwenye kundi la ukoo. Nasema la kwanza kwa sababu mengine yalifuata, na yote yalianzia hapo. Nilikuwa mwaka wa pili wa chuo, Marekani, na simu yangu ililia mchana kutwa: picha za maua zenye aya za Biblia, mjomba akiuliza kama kuna aliyemwona binamu fulani, ubishi wa siku tatu kuhusu nani alitakiwa kuleta sufuria kwenye arusi. Nilikuwa na mtihani wa kemia wiki mbili mbele. Niliamini kila mlio wa simu unaniibia alama. Nikabonyeza, nikatoka. Sikufikiri kwamba simu ingewatangazia watu sabini na kitu kuwa nimetoka. Kwetu mtu hatoki. Mtu huzima sauti, hunyamaza, hupotea mwaka mzima, lakini jina lake linabaki palepale. Kutoka ni kusema neno, na neno lenyewe si zuri.

Siku kumi na moja baadaye mume wa mama mdogo alifariki.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu wa kuzaliwa tumbo moja. Aliishi, na bado anaishi, katika jimbo nililozaliwa mimi. Chuo changu kilikuwa jimbo la jirani, mwendo wa saa tisa kwa basi. Kamati ya mazishi, michango, ibada ya kumuaga marehemu kabla mwili haujasafirishwa kwenda Kenya, yote yalipangwa ndani ya lile kundi nisilokuwemo. Mama alinipigia kutoka Stockholm, Uswidi, anakoishi. Anapika katika shule ya chekechea, wenzake wawili walikuwa wagonjwa, na likizo ilikataliwa.

"Wewe uko karibu," aliniambia. "Nenda ukasimame kwa niaba yetu."

Nikamjibu kwamba mtihani hausogezwi. Ukweli ni kwamba sikuuliza kama unasogezwa. Sikumwambia mama hilo. Akisoma hapa ndipo atakapolijua.

Badala ya kwenda, niliamua kumwandikia mama mdogo ujumbe wa pole, na nilitaka uwe ujumbe ambao mtu angeutunza. Niliandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikaona neno moja limejirudia mara mbili, nikafuta. Wiki ikapita. Sasa ujumbe ulihitaji pia kueleza kwa nini umechelewa wiki, na maelezo hayo nayo yalitakiwa yawe mazuri. Mwezi ukapita, maelezo yakawa marefu kuliko pole yenyewe. Hatimaye nikawa sifungui tena ile rasimu, kama mtu anayepita mbali na mlango wa jirani aliyegombana naye. Hivyo ndivyo nilivyo. Kitu nisichoweza kukifanya vizuri sikifanyi kabisa, halafu najiita mwangalifu.

Ilipita miaka minne.

Nieleze nilivyofika hapa. Nilizaliwa Marekani mama alipokuwa mwanafunzi huko, na nikaishi huko hadi nilipotimiza miaka minane. Kisha mama akapata kazi na mume Uswidi, mume hakudumu, kazi ikadumu, na tukawa watu wa Sundbyberg, pembeni mwa Stockholm, ghorofa ya tatu, tukitazamana na ofisi ambazo taa zake huwaka hata Jumapili. Nilitaka kuwa daktari tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Alama zangu za sekondari hapa zilipungukiwa kidogo sana. Nilijua hiyo "kidogo sana" ilikuwa somo gani, swali gani, siku gani. Kwa kuwa nilikuwa na pasipoti ya kule nilikozaliwa, nilipata nafasi na ufadhili katika chuo kimoja cha huko, nikasoma biolojia miaka minne. Kule udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza. Nilipomaliza nilirudi kwa mama ili niombe vyuo vya udaktari nikiwa mahali nisipolipa pango.

Mtihani wa kuingilia nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba vyenye majibu ya watu wengine pembeni, katika maktaba ya Sundbyberg. Hata Kiswahili hiki ninachoandika nilijifundisha mwenyewe. Nyumbani tulikuwa na cha kusema tu, tena nilikuwa namjibu mama kwa Kiswidi hadi nilipokuwa mtu mzima nikaona aibu. Nasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa mvivu. Nilifanya kazi sana. Nilifanya kazi sana mahali pasipohitajika.

Mwaka wa kwanza niliomba vyuo kumi na vinne katika majimbo mbalimbali, nikivichagua kwa sifa tu. Vyote vilikataa. Vingine vilikataa kwa barua nzuri, vingine kwa sentensi mbili. Nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya wazee huko Märsta, mji mdogo nje ya Stockholm, na barua pepe nyingi zilinikuta kwenye treni ya asubuhi nikienda kazini au kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nilikuwa nasoma, naweka simu kwenye kabati, navaa glavu, naenda kumwosha mtu uso.

Mshauri wa chuo nilichotoka aliniambia kwa simu jambo ambalo ningeweza kulijua mapema kama ningeuliza. Vyuo vya umma huko hupendelea watu wa jimbo lao. Hawapendi kumsomesha mgeni miaka minne halafu achukue koti lake jeupe aondoke. Lakini mgeni mwenye mizizi katika jimbo, aliyezaliwa pale, au mwenye ndugu pale, humtazama kwa jicho jingine.

"Una uhusiano na jimbo lolote?" aliniuliza.

"Nilizaliwa katika moja."

"Una mtu huko?"

Nilisema ndiyo. Nilisema haraka mno.

Basi mwaka wa pili niliomba chuo cha udaktari cha jimbo nililozaliwa, pamoja na vingine vichache ambavyo sikuwa na matumaini navyo. Walinitumia fomu ya pili yenye maswali ya kuandika, wakanipa wiki mbili. Swali la tatu lilisema: tueleze uhusiano wako na jimbo letu. Nafasi ilikuwa herufi elfu mbili, pamoja na nafasi kati ya maneno.

Niliandika rasimu tisa. Faili la sita nililiita "mwisho", la saba "mwisho kabisa", la tisa "mwisho wa kweli". Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilianza kuandika nikiwa nimesimama, kompyuta ikiwa juu ya friji, kwa kuwa nikikaa nalala. Rasimu ya tisa nilidhani ni nzuri. Ilikuwa inamhusu mama mdogo. Mama alinikuta jikoni jioni moja nikiisoma kwa sauti ya chini, naye akaweka kabichi mezani akaanza kuikata.

"Nisomee," alisema. "Kwa Kiswahili."

Nikamtafsiria nikisoma. Nilifika mahali paliposema kwamba nikiwa na miaka sita, katika nyumba ya wazee alikofanya kazi mama mdogo, ndipo nilipojifunza mara ya kwanza maana ya kumhudumia mgonjwa. Kisu kikasimama.

"Nani alikupeleka nyumba ya wazee?"

"Mama mdogo."

"Lini?"

"Nilipokuwa mdogo. Akikosa mtu wa kuniachia."

"Wewe! Dada yangu akupeleke kazini na makamasi yako yale? Wangemfukuza siku hiyohiyo. Hujawahi kuingia mle."

"Nakumbuka korido, Mama. Ndefu, sakafu ya kijani."

"Hiyo ni kliniki ya meno. Ulimuuma daktari."

Nikafunga kompyuta.

"Hiyo ndiyo uandike," akaendelea, na kisu kikaanza tena. "Sema ulimuuma daktari wa watu, na sasa umetubu unataka kuwa mmoja wao."

Nilimwuliza, kwa hasira kidogo, sasa uhusiano wenyewe ulikuwa upi kama si huo. Mama alikata kabichi hadi ikaisha. Kisha akasema bila kunitazama kwamba mama mdogo alikuwa amekwenda Amerika kusomea uuguzi. Alikuwa mwaka wa kwanza. Wote wawili walikuwa wanafunzi, ratiba ziligongana, na mmoja alitakiwa kukaa na mimi mchana.

"Akasema yeye ni mdogo, ana muda," mama alisema. "Akaacha masomo. Mchana anakaa na wewe, jioni nikirudi anaenda kufanya kazi. Miaka mitatu. Mimi nikamaliza. Yeye akawa anasema mwaka ujao, mwaka ujao."

"Sikujua."

"Ungejulia wapi?"

Naungama hapa kitu kinachonitia aibu kuliko vyote katika habari hii. Wazo langu la kwanza halikuwa shukrani, wala huzuni. Nilifikiri: hii ni insha nzuri sana. Nilikuwa tayari nahesabu herufi kichwani. Mama lazima aliliona usoni kwangu, maana alinielekezea kisu.

"Usiandike hata neno moja la hayo kabla hujampigia. Mtu ambaye hukumpa pole ya mumewe, leo umfanye ngazi?"

Nilikaa siku nne bila kupiga. Wiki mbili za chuo zilikuwa zinakwisha. Kazini tulikuwa tunatandika kitanda, mimi upande huu na mama mmoja Mrundi upande ule. Alikuja huku kama mkimbizi zamani, ana umri wa mama yangu, na sote tunaozungumza Kiswahili pale kazini tunamwita Mama tu. Nilimweleza. Sijui kwa nini nilimweleza; nadhani ni kwa sababu alikuwa amenishikia shuka na hangeweza kuondoka.

"Sasa unaogopa nini, mwanangu? Atakupiga kupitia simu?"

"Imepita miaka minne, Mama. Nitaanzia wapi?"

"Pole si maziwa, haichachi." Akavuta shuka kwa nguvu hadi upande wangu ukachomoka. "Shika vizuri. Kitanda cha daktari gani hiki?"

Nilipiga Jumapili saa kumi na moja jioni, ambayo kule kwake ni saa nne asubuhi, kabla hajaenda kanisani. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima. Nilifunga mlango wa chumba changu ingawa nyumbani hapakuwa na mtu.

"Halo?"

"Shikamoo, mama mdogo."

"Ni nani?"

Nikajitaja, nikamtaja na mama yangu, kama mtu anayeonyesha kitambulisho mlangoni.

"Ala!" alisema. "Na hiyo shikamoo umeiokota wapi? Sisi watu wa bara, tangu lini?"

"Nimejifunza vitabuni."

"Na hivyo vitabu havikuwa na ukurasa wa kupiga simu?"

Nilianza kusoma ukurasa wangu. Nilisema kwamba nimepokea kwa masikitiko makubwa, na kwamba japo muda mrefu umepita, na hapo akanikatiza.

"Unasoma?"

"Hapana."

"Nasikia karatasi. Iweke chini."

Niliiweka chini. Bila ile karatasi sikuwa na kitu. Nilisikia anavyopumua, na nyuma yake redio au televisheni ikihubiri kwa Kiingereza. Mwishowe nikasema, "Pole kwa anko. Nilikuwa karibu na sikuja."

"Ehe."

"Ule mtihani labda ungeweza kusogezwa. Sikuuliza."

"Ehe."

"Kisha nikaona haya."

Televisheni ikazimwa. Nilifikiri sasa yatakuja yale niliyoyaogopa miaka minne, na nilikuwa nimechoka kuyaogopa kiasi kwamba nilitaka yaje.

"Ulipata ngapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Kwa huo mtihani. Ulipata ngapi?"

"B."

"B!" Akacheka hadi akakohoa. "Haki ya Mungu, mume wangu ameagwa bila wewe kwa sababu ya B! Ungeniambia A ningenyamaza." Akacheka tena, halafu kicheko kikabadilika, na nikasikia anapenga kamasi. "Nilikutafuta, unajua. Pale kanisani. Kila mlango ukifunguliwa nageuka. Nilimwambia mchungaji tungoje kidogo, mtoto wangu yuko njiani."

Sikuwa na karatasi ya kujibia hilo. Mpaka leo sina.

Baadaye aliniuliza maswali ya kawaida: mama anaendeleaje na mgongo, huko kuna baridi gani, nimepata msichana. Kisha akasema, "Haya. Sasa sema kilichokuleta."

"Nilitaka kukupa pole."

"Umeshanipa, nimepokea. Sasa sema."

Nikamwambia kuhusu chuo, kuhusu swali la tatu, kuhusu herufi elfu mbili. Alisikiliza. Anafanya kazi ya kutunza wagonjwa majumbani, anakijua chuo hicho, amewahi kuwaona wanafunzi wake wakipita na madaftari. Aliniambia kwamba miaka ya mwisho ya mumewe, figo zilipokataa kazi, walikuwa wanaendesha gari saa moja na nusu kwenda mji mwingine na saa moja na nusu kurudi, mara tatu kwa wiki, kwa sababu hospitali ya mji wao mdogo ilikuwa imefunga kitengo cha kusafisha damu. Alijua kila kituo cha mafuta chenye choo safi. Wakati wa theluji walikuwa wanafuata nyuma ya lori linalomwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani, mwendo wa konokono, mumewe amelala na mdomo wazi. Aliyasimulia hayo kana kwamba anasimulia safari ya mtu mwingine.

Nikamwuliza. Ndiyo, nilimwuliza. Dakika arobaini baada ya kumpa pole nilimwuliza kama ninaweza kuliandika hilo.

"Hapana," alisema, bila kukasirika. "Hiyo ni yangu na yake."

"Na ile ya masomo yako ya uuguzi?"

"Nani kakuambia hiyo? Mama yako? Ana mdomo kama mlango wa duka. Hapana, hiyo pia hapana. Nikitaka kuisema nitaisema mwenyewe."

"Sasa niandike nini, mama mdogo?"

"Wameuliza uhusiano wako, si wangu. Andika ulizaliwa hapa, ukaondoka, una mama mdogo hapa ambaye hukuja kumwona. Ndio huo ulio nao."

Jioni hiyohiyo alinirudisha kwenye kundi la ukoo bila kuniuliza. Mjomba mmoja akaandika, "Karibu, mgeni wetu." Mwingine akaandika, "Profesa amerejea, fungeni milango." Wa tatu akatuma picha ya maua yenye aya ya Biblia. Nilisoma yote nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni.

Niliandika jibu la swali la tatu kwa saa moja. Lilikuwa fupi kuliko nafasi iliyotolewa, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu. Nilisema nilizaliwa katika jimbo lao, nikalelewa pale hadi miaka minane na mama yangu na mama yangu mdogo, kwamba mama mdogo bado yupo, na kwamba kwa miaka mingi sikumjali na sasa nimeanza kuzungumza naye. Sikumpamba, wala sikugusa yale mawili aliyonikataza; ruhusa ya kuyasimulia hapa alinipa baadaye. Nikabonyeza kutuma.

Waliniita kwa usaili mwezi wa pili, kwa video. Ndicho chuo pekee kilichoniita katika miaka miwili. Nilivaa koti la suti juu na suruali ya kazini chini. Walikuwa wawili, mama mmoja wa makamo aliyeandika muda wote, na daktari mzee mwenye miwani iliyokaa puani kama ndege. Maswali ya kwanza niliyajua. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Kisha yule mzee akashika karatasi, akaivuta karibu, na nikajua ameshika orodha ya mahali nilipowahi kuishi.

"Ulisoma jimbo la jirani miaka minne," alisema.

"Ndiyo."

"Ni mwendo wa saa ngapi kutoka pale hadi kwa huyu mama yako mdogo?"

"Saa tisa kwa basi."

"Ulikuja mara ngapi?"

Nilikuwa na majibu. Akili yangu ni ya aina hiyo, huleta majibu matatu kwa mpigo: fedha za nauli, ratiba ya maabara, kazi za wikendi. Yote yalikuwa na ukweli ndani yake. Nilimtazama kwenye kioo cha kompyuta, nikakumbuka mtu anageuka kila mlango ukifunguliwa.

"Sikuja hata mara moja," nilisema.

Akatikisa kichwa polepole, akaandika. Yule mama naye akaandika. Kisha mzee akauliza kama ningebaki jimboni baada ya kuhitimu, na nikasema natumaini, lakini kwamba ahadi yangu haina ushahidi wowote nyuma yake na ninalijua hilo. Aliondoa miwani. Alisema, "Asante kwa kusema wazi," kwa sauti ambayo hadi leo sijaweza kuipima.

Waliniweka kwenye orodha ya kungojea. Asiyewahi kuwa kwenye orodha hiyo asidhani ni nusu ya kukubaliwa. Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, nilikuwa nafungua ule ukurasa wa chuo kwenye treni, chooni, kwenye foleni ya duka, nikijua haujabadilika. Majani yalitoka, watu wa Sundbyberg wakaanza kukaa nje wamefumba macho wakielekeza nyuso kwenye jua, na mimi nilipita katikati yao nikitazama simu. Mama aliacha kuniuliza. Alikuwa ananiwekea chakula na kusema tu, "Kula." Nadhani alikuwa amechoka kunizidi.

Jibu lilikuja mwanzoni mwa mwezi wa sita. Nafasi zilikuwa zimejaa. Waliniambia nikipenda ninaweza kuomba maoni juu ya maombi yangu, nikaomba. Mtu wa ofisi yao alinipigia, mpole sana, akasoma kutoka mahali fulani kwamba alama zangu ni nzuri, barua za walimu ni nzuri, na kwamba kamati haikuridhika kuwa nina uhusiano wa kweli na jimbo.

Nilimshukuru. Hakuwa amekosea.

Jumapili ile nilimpigia mama mdogo. Kufikia hapo nilikuwa nampigia kila Jumapili, wakati mwingine dakika tano tu, wakati mwingine yeye akipiga pasi na mimi nikila, hatusemi kitu. Nilimwambia maneno ya yule mtu wa ofisi.

"Wamesema kweli," alisema.

"Najua."

"Sasa unalia nini?"

"Silii."

"Haya, usilie. Nina chumba. Kina mitumba ya kanisa mpaka dari lakini ni chumba. Si uje tu ukae?"

Nilianza kumweleza sheria: kwamba mtu akikaa jimboni mwaka mzima akifanya kazi anahesabiwa mkazi, lakini kwamba hiyo ingenichelewesha mwaka mwingine, kwamba nitakuwa na miaka ishirini na sita, kwamba nilikuwa na mpango wa kuomba tena vyuo kumi na nane mwezi huo huo, na fomu nimeshaanza.

"Nimekuambia habari ya sheria mimi?" alinikata. "Nimekuambia nina chumba. Goti langu la kulia limekufa, theluji itakuja, na hakuna wa kuiondoa mbele ya nyumba. Ukiwa mkazi wa serikali au wa nani, hiyo ni shauri yenu."

Nilimwambia mama jikoni. Alikaa chini kwanza. Miaka miwili nilikuwa nazungumzia kuondoka, lakini kuondoka kwenyewe kulikuwa ndani ya fomu. Alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunyanzi.

"Nenda," alisema. "Mwanzo alikaa yeye na wewe."

Halafu akaenda kulala mapema, na nikasikia redio yake ikilia muda mrefu.

Kilichobadilika tangu wakati huo ni hiki. Mwaka huu siombi chuo chochote. Fomu ya vyuo kumi na nane niliifuta. Nimeacha kazi Märsta. Nina tiketi ya kwenda tu ya mwezi wa nane, na nimepata kazi ya kuwahudumia wagonjwa wa figo katika mji uleule ambako mama mdogo alikuwa anampeleka mumewe; nitakuwa naendesha ile njia yao kila siku. Nikitimiza mwaka nitaomba chuo kilekile, nikiwa mkazi. Wanaweza kukataa tena. Kwa mama mdogo nitakaa hata wakikataa.